Hama Ukiwa Bado na Mshahara: Mbinu za Kutoka Kazini Kwenda Biashara Ndogo, kwa Mkazi wa Makorora

Tanga imewahi kuona mishahara ikikatika. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na mashamba ya mkoa huu yalikuwa mstari wa mbele. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Viwanda navyo vilipita njia hiyo hiyo. Kiwanda cha mbolea kilianza kazi mwaka 1972, lakini kufika miaka ya 1990 kilikuwa kimesimama, na kwingine wafanyakazi walipunguzwa mashirika ya umma yalipobinafsishwa. Wengi waliorudi mitaani, Makorora ikiwemo, walikuwa na kiinua mgongo mkononi na hawajawahi kuuza hata fungu la bamia. Biashara ya kwanza maishani mwao ikawa ndiyo iliyobeba pesa yao yote.

Wewe unayetaka kuacha kazi kwa hiari yako, uwe mwalimu wa miaka 12 darasani, muuguzi wa Hospitali ya Bombo, karani wa bandarini au fundi wa kiwanda cha saruji kule Pongwe, unacho kitu ambacho wazee hao hawakupewa: muda wa kujifunza biashara huku mshahara ukiendelea kuingia. Muda huo una thamani kuliko mafao yoyote utakayolipwa siku ya kuondoka. Ushauri wote ulio hapa chini unahusu namna ya kuutumia.

1. Jua kwanza unachokiacha

Anayeacha kazi huhesabu mshahara peke yake. Ajira ina vingine vinavyoondoka pamoja nao, na baadhi havirudi.

Anza na pensheni. Ukiwa PSSSF au NSSF, unahitaji kuwa umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15, ili ustahili pensheni ya kila mwezi utakapofikia umri wa kustaafu. Umri huo ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Mwenye michango ya miezi 165 akiandika barua leo na kuacha kuchangia amejinyima pensheni ya maisha kwa sababu ya miezi 15. Nenda ofisi ya mfuko wako uombe taarifa ya michango, kisha ipitie mwezi kwa mwezi. Ukikuta miezi iliyorukwa, ifuatilie ukiwa bado ndani. Ukishatoka, faili lako halina wa kulisukuma.

Pili, usitegemee fao la kukosa ajira. Liliwekwa na sheria za mifuko za mwaka 2018 kwa ajili ya aliyepoteza kazi, na aliyeacha mwenyewe halimhusu. Kiinua mgongo cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nacho ni hivyo hivyo. Ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho miaka 10, na hulipwa pale mwajiri anapokuachisha. Wapo wanaopanga mtaji kwa kuhesabu fedha hizi, halafu wanakuja kuambiwa kwamba hawastahili wakati barua imeshapokelewa.

Tatu ni bima ya afya. Kadi ya NHIF inayotokana na ajira inakulinda wewe, mwenza wako na wategemezi. Anayestaafu akiwa mwanachama ana utaratibu wake wa kuendelea kutibiwa, lakini anayeacha kazi akiwa na miaka 40 hana. Ulizia mapema gharama ya kujiunga kama mtu binafsi, uiandike kwenye bajeti. Ugonjwa wa mtoto mmoja wiki ya tatu ya biashara unaweza kumaliza mtaji wote.

Nne ni mkopo wa mshahara. Benki ilikukopesha kwa kuangalia hati yako ya malipo. Ukiacha kazi deni linabaki lile lile, ila sasa marejesho yatatoka kwenye droo ya duka. Limalize kwanza.

Mwisho ni notisi. Anayelipwa kwa mwezi katika sekta binafsi anatakiwa kutoa notisi ya siku zisizopungua 28, na mtumishi wa umma afuate utaratibu wa utumishi wake. Ondoka kwa heshima, omba cheti cha utumishi, agana na watu vizuri. Ofisi uliyoiacha inaweza kuwa mteja wako wa kwanza wa chai ya saa nne.

2. Chagua biashara kwa kukaa na kutazama

Makosa mengi hufanyika hapa, kwa sababu mtu huchagua biashara aliyoiona ikifanikiwa Dar es Salaam, au aliyosimuliwa na rafiki. Makorora ina ununuzi wake. Watu hununua kidogo kidogo na kila siku: mafuta ya kupima, sukari robo, mkaa wa kopo, nazi moja, dagaa wa mboga ya usiku. Biashara inayofaa mtaa wa namna hii ni ile inayouza kitu kinachoisha leo na kuhitajika tena kesho.

Tafuta sehemu unayoifikiria, iwe karibu na soko, kituo cha daladala au shule, ukae pale. Nenda alfajiri watu wakitoka msikitini na wanafunzi wakienda shule. Rudi adhuhuri, rudi tena baada ya Magharibi. Fanya hivyo siku ya kazi, siku ya Ijumaa na siku ya Jumapili. Fanya tena mwanzo wa mwezi na tarehe 20, mifuko inapokuwa imekauka. Hesabu watu wanaonunua kwenye biashara inayofanana na yako; wanaopita wasikudanganye. Angalia bidhaa ipi inaisha mapema na mteja anaondoka na pesa yake mkononi. Hapo ndipo pana nafasi yako.

Kisha panga majira ya mwaka kwenye karatasi moja, maana pwani hii haina miezi inayolingana:

- Ramadhani: biashara ya chai na vitafunwa vya asubuhi hulala mchana kutwa, na biashara ya futari huamka. Mihogo, magimbi, tambi, kalimati na tende hutafutwa kuanzia alasiri. Mwenye kibanda cha asubuhi asiyejiandaa kugeuza ratiba hupoteza mwezi mzima. Na kwa kuwa mwezi huo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, ratiba ya mwaka jana usiirudie kwa tarehe.
- Kusi: upepo ukikaza katikati ya mwaka bahari huchafuka, wavuvi wadogo hukosa siku, na bei ya samaki pale Deep Sea hupanda. Anayekaanga samaki awe na bidhaa ya pili.
- Masika: Machi hadi Mei mvua hufukuza wateja wa barazani. Turubai na jiko lililokingwa yawemo kwenye mtaji wa kuanzia.
- Machungwa ya Muheza: msimu ukichanganya, mji hujaa matunda na bei huanguka. Anayeuza juisi hufurahi, anayeuza machungwa yenyewe hulia.
- Januari: karo, sare na madaftari. Muuza vyakula huona mauzo yakishuka, muuza vifaa vya shule huona yakipanda.

Ukiweza, chagua kinachotumia ujuzi unaotoka nao kazini. Muuguzi anajua dawa, na Duka la Dawa Muhimu ni biashara halali inayosimamiwa na Baraza la Famasi kwa mafunzo na masharti maalumu. Mwalimu anajua wazazi na mahitaji ya shule, kwa hiyo kuchapa, kutoa nakala na kuuza vifaa vya shule kunamfaa. Fundi wa kiwandani akifungua karakana ya baiskeli anaingia sehemu yenye wateja tayari. Tanga ni tambarare, na baiskeli hapa bado ni usafiri wa watu wazima wenye kazi zao; pancha, breki na mnyororo haviishi. Miaka uliyokaa kazini isitupwe, iingie dukani pamoja nawe.

3. Piga hesabu ya siku moja, mpaka mwisho

Tuchukue kibaraza cha maandazi na mbaazi za nazi. Bei ni za mfano. Weka zako baada ya kuzunguka Soko la Makorora na Mgandini.

Matumizi ya asubuhi moja: unga wa ngano kilo 3, shilingi 6,000, sukari nusu kilo, 1,500, mafuta ya kukaangia, 4,000, mbaazi kilo moja, 2,500, nazi mbili, 2,000, hamira, iliki, vitunguu na chumvi, 1,000, mkaa, 2,500, mifuko na sabuni, 500. Jumla 20,000.

Mauzo: maandazi 110 kwa 200 kila moja ni 22,000. Mbaazi sahani 20 kwa 500 ni 10,000. Jumla 32,000.

Wengi husimama hapo na kusema, "Nimepata 12,000." Endelea. Pango la kibaraza kwa siku, 1,200. Msaidizi, 4,000. Ushuru na usafi, 500. Sufuria, jiko na sahani zinazochakaa, 300. Hiyo ni 6,000, kwa hiyo zimebaki 6,000. Toa 1,000 ya maandazi yanayolala au kuliwa na watoto wa nyumbani. Toa 600 ya kodi, ambayo tutaifanyia hesabu mbele. Zimebaki 4,400. Kwa siku 26 za kazi ni 114,400 kwa mwezi.

Kima cha chini cha mshahara serikalini kuanzia Julai 2025 ni shilingi 500,000. Kibaraza kinachouza mpaka sahani ya mwisho kinakupa chini ya robo yake. Ukimwondoa msaidizi ukapika mwenyewe, unapata 218,400, lakini hapo umejiajiri kwa kazi ya 4,000 kwa siku, na siku ukiumwa kibaraza kimefungwa.

Hesabu hii isikukatishe tamaa. Inakuonyesha kazi iliyo mbele yako. Pango lile lile na jiko lile lile vinaweza kufanya kazi mara mbili: asubuhi maandazi, jioni mihogo ya kukaanga, bajia au pweza. Inaweza pia kukuonyesha kwamba oda ya chai ya ofisi mbili kila siku ni bora kuliko wapita njia. Hayo utayagundua kwa shilingi 20,000 za majaribio. Aliyefungua mgahawa wa milioni 8 kabla ya kupiga hesabu hii huyagundua akiwa hana cha kurekebishia.

4. Jaribu ukiwa bado kazini

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza viongozi kuwa na mishahara miwili na shughuli za kibepari, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likalegeza masharti hayo. Leo mtumishi wa kawaida anaweza kuwa na mradi wake, ila asiuendeshe saa za mwajiri, asitumie vifaa vya ofisi, wala asifanye biashara inayogongana na wajibu wake. Soma mkataba wako kabla ya kuanza, kisha heshimu mipaka hiyo. Anayejenga duka kwa kuiba saa za kazi anajifundisha tabia ambayo msaidizi wake ataiiga dukani.

Anza na ukubwa ambao ukipotea wote, nyumbani watakula na watoto watakwenda shule. Kama mshahara unaruhusu kutenga laki moja, biashara yako ya majaribio ni ya laki moja. Usiongeze kutoka mfukoni kila mwezi ili ionekane inaendelea. Ikue kwa faida yake yenyewe, ndipo utajua kama inaishi au unailisha.

Msaidizi ni sehemu ya jaribio. Mlipe kwa siku au kwa wiki, bila kuchelewesha, hata siku mauzo yalipokuwa mabaya. Mpe vipimo: leo umepewa unga kilo 3, unatakiwa kutoa maandazi 110. Pima jioni mbele yake bila ugomvi. Vipimo vinamlinda yeye na tuhuma, na vinakulinda wewe na wasiwasi. Ukimwajiri mpwa wako au mtoto wa jirani, utaratibu uwe huo huo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuuanzisha mwezi wa tano kutaonekana kama umeanza kumshuku.

Ongea na mwenza wako kabla hujaanza. Mwonyeshe hesabu iliyoandikwa, mkubaliane kitakachopungua nyumbani na kwa muda gani. Biashara nyingi ndogo huanguka kwa sababu nyumba haikujua kwamba pesa ya droo si ya mboga.

5. Vibali: anza na vya bure

TIN inatolewa bure TRA, na utahitaji namba ya NIDA. Ukiwa na duka lenye mlango, utahitaji leseni ya biashara kutoka Halmashauri ya Jiji, ambayo siku hizi huombwa kwa mfumo wa TAUSI. Andaa mkataba wa pango na uthibitisho wa kodi. Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao. Kwa kibanda kidogo si la kwanza kukimbilia, lakini siku utakapotaka akaunti ya benki yenye jina la duka au kuuzia taasisi, utalihitaji.

Anayeuza chakula apime afya kila miezi sita na awe na cheti chake pale pale kibandani. Ongea na afisa afya wa kata kabla hujajenga, akuambie kuhusu maji, choo na taka. Kubomoa na kujenga upya ni gharama.

Kama unasindika kitu cha kufungasha, mfano unga wa lishe, achari, mafuta ya nazi au sabuni, pita SIDO. Shirika hili la kuhudumia viwanda vidogo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 na lina ofisi Tanga. Hutoa mafunzo na huwatambulisha wajasiriamali wadogo TBS wapate alama ya ubora. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko TBS, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kwingine.

6. Mtaji: chagua pesa isiyokuharakisha

Mtaji bora wa kuanzia ni akiba ya mshahara wako mwenyewe, kwa sababu haina mtu anayeidai Jumatatu. Baada yake ni kikundi: VICOBA au upatu wa watu mnaofahamiana. Zamu yako ya upatu ipange iangukie kabla ya msimu wa mauzo yako, ili uitumie kununua mzigo.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 haina riba. Inagawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa kawaida kupitia vikundi. Mwanamume aliyevuka umri wa ujana na asiye na ulemavu hamo, kwa hiyo asikae akiisubiri. Mkeo anaweza kuwemo, lakini mkopo ule ni wa kikundi chake, na heshima yake ndiyo iliyowekwa rehani.

Kwa anayejiepusha na riba, zipo njia. Amana Bank ilianza mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na CRDB ilizindua huduma ya Al Barakah mwaka 2021. Uliza namna wanavyokununulia bidhaa na kukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi, ulinganishe jumla utakayolipa.

Ikimbie mikopo ya kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Muombe aionyeshe. Anayechukua kadi yako ya benki na namba ya siri, au anayetaka kulipwa kila siku kuanzia kesho, anajua biashara yako haijaanza kuzaa. Atakula mtaji kabla ya faida kuzaliwa.

Anayestaafu kabisa na kupokea mkupuo wa PSSSF au NSSF namwomba asikilize zaidi. Usifungue duka miezi sita ya kwanza. Weka fedha mahali unapoweza kuzichukua bila kuzichezea, benki au katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS ukiridhika na utaratibu wake. Halafu tenga sehemu ndogo ya kujaribia kama mwajiriwa anavyojaribu. Wiki mkupuo unapoingia, kila mtu mtaani atakuwa na wazo la biashara kwa ajili yako.

7. Daftari na mifuko mitatu

Wahenga wa sokoni wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi 1,000 linatosha. Kila jioni andika vitu vinne: mauzo, manunuzi, matumizi ya nyumbani yaliyotoka dukani, na madeni. Kama unapokea malipo kwa Lipa Namba, ile taarifa ya simu ikusaidie kuhakiki, isichukue nafasi ya daftari.

Gawa pesa katika mifuko mitatu. Wa kwanza ni mtaji, unaorudi kununua bidhaa na hauguswi. Wa pili ni gharama: pango, msaidizi, kodi, LUKU. Wa tatu ni mshahara wako, kiasi kinachojulikana, unachojilipa tarehe moja kila mwezi kama ulivyozoea kazini. Hapa mtu aliyetoka kwenye ajira ana faida kuliko mwingine yeyote, maana kuishi kwa tarehe anakujua. Asiiache nidhamu hiyo mlangoni kwa mwajiri. Katika mshahara huo tenga mchango wa NSSF wa waliojiajiri, uzee usikukute mtupu.

Daftari pia hupunguza kodi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiyetunza kumbukumbu hulipa 250,000. Anayetunza hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kibaraza chetu cha 32,000 kwa siku kinauza 9,984,000 kwa mwaka. Mwenye daftari atalipa 179,520, ambayo inakaribia ile 600 ya kila siku. Asiye nalo atalipa 70,480 zaidi. Thibitisha viwango TRA kila Julai, kwa sababu bajeti hubadilisha.

8. Deni la watu wa karibu

Huwezi kuishi Makorora na kumnyima kila mtu, na huwezi kumkopesha kila mtu ukabaki na duka. Amua mapema, kabla hawajaja. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Mwanangu, niwekee unga kilo mbili na mafuta, mwisho wa mwezi nitakuletea."

"Shikamoo shangazi. Karibu ukae. Ya dukani ina hesabu yake jioni, siwezi kuigusa. Lakini hii elfu mbili ni yangu mwenyewe, chukua ya mboga."

Shangazi ameheshimiwa na mtaji haujaguswa. Elfu mbili imetoka mfuko wa tatu, na haina deni wala kinyongo. Tenga kiasi cha namna hiyo kila mwezi, na kikiisha useme kwa upole kwamba kimeisha. Wateja wachache waaminifu wanaolipwa kwa mwezi unaweza kuwaandikia, kila mmoja kwa kiwango chake, na asiyemaliza haongezewi. Fanya hivyo sawasawa kwa wote, kwa sababu mtaa unaambiana.

9. Siku ya kuandika barua

Hasira kwa bosi isikutoe kazini, wala mwezi mmoja mzuri wa sikukuu. Ondoka haya yote yakiwa yametimia:

- Biashara imepita mwaka mzima, ikiwa imevuka Ramadhani, masika na Januari.
- Kwa miezi sita mfululizo imekulipa wewe, baada ya gharama zote, angalau theluthi mbili ya matumizi ya nyumbani, na umeshaona kwenye daftari theluthi iliyobaki itatoka wapi ukiwa na siku nzima ya kuifanyia kazi.
- Una akiba ya miezi sita ya chakula, pango na karo, mbali kabisa na mtaji.
- Mkopo wa mshahara umekwisha na bima mpya ya afya imelipiwa.
- Michango ya mfuko imefika miezi 180, au umeamua kwa kujua unachopoteza.
- Mwenza wako ameona daftari na amekubali.

Likikosekana moja, bakia kazini ulishughulikie. Hakuna aibu kwa mwalimu anayefundisha mchana na kusimamia kibanda jioni kwa miaka miwili. Na kama mwaka wa majaribio utaonyesha kwamba biashara ile haikufai, umejua kwa gharama ndogo, mshahara upo, na unaweza kujaribu nyingine.

Kwa hiyo mwezi huu usiandike barua. Mshahara ukiingia, fanya mambo matatu: omba taarifa ya michango yako, nunua daftari, na asubuhi moja ya mapumziko nenda kakae karibu na biashara unayoitamani, uhesabu wanunuzi wake kuanzia alfajiri hadi saa nne. Ukirudi nyumbani utakuwa na namba za kwanza za biashara yako, na hazikukugharimu kazi.